Jumbe na Mjumbe: Safari ya Cheo Kimoja kutoka Mwali hadi Ngarambe

Kusini ya Mto Rufiji, mahali ambapo nchi tambarare ya mto huanza kupanda kuelekea vilima vya Umatumbi, ndipo palipo Ngarambe. Jina la mahali hapo limeingia katika historia ya Afrika ya Mashariki kwa ajili ya mtu mmoja, Kinjikitile Ngwale, ambaye mwaka 1904 alianza kuwagawia watu maji ya dawa, na ambaye mafundisho yake yalifuatwa na vita vikubwa vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Habari za maji hayo zimeandikwa mara nyingi. Liko, hata hivyo, jambo moja katika habari hizo ambalo ni la lugha kabla ya kuwa la historia, nalo halijapewa uzito unaolistahili. Katika masimulizi ya wazee wa Umatumbi na Rufiji yaliyokusanywa na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, vyeo viwili hutajwa tena na tena: akida na jumbe. Wafasiri wamezoea kukitia cheo cha pili katika lugha za Ulaya kwa neno moja tu, lile lenye maana ya mtawala wa wenyeji. Na msomaji asiyejua Kiswahili huondoka akidhani kwamba watu wa Umatumbi walikuwa wakiwaasi wafalme wao wenyewe.

Kosa hilo si dogo, kwa kuwa lageuza sababu ya vita. Ili kulisahihisha, haitoshi kusema kwamba jumbe wa Umatumbi hakuwa mfalme. Yapasa kuuliza jinsi neno lililokuwa taji mahali pamoja lilivyokuja kuwa mzigo wa mtoza kodi mahali pengine, na kama lugha yenyewe imeweka alama yo yote ya mageuzi hayo.

Kwanza, umbo la neno. Jumbe, wingi wake majumbe, na mjumbe, wingi wake wajumbe, ni maneno ya shina moja, pamoja na ujumbe. Uhusiano wa umbo baina ya jumbe na mjumbe ni sawa na ule wa toto na mtoto, au jitu na mtu: kiambishi cha ngeli ya watu kimeondoka, na neno limeingia katika ngeli ya pili yenye wingi wa ma-, ambayo katika Kiswahili ni ngeli ya ukubwa. Mjumbe ni mtu aliyetumwa kupeleka habari. Jumbe, kwa kulifuata umbo, ni aliye mkubwa kuliko huyo. Tena upatanisho wa sentensi hubaki ule wa watu: husemwa jumbe huyu na majumbe hawa. Bara ya Tanga na Pangani neno hili laonekana kwa sauti nyingine, zumbe, katika Kisambaa na Kizigula, ambako ni mkuu wa kijiji au wa nchi. Basi shina hili si mgeni aliyekuja na majahazi kama liwali, akida, kadhi na waziri, ambayo yote ni ya Kiarabu. Ni la Kibantu, nalo limekaa pwani na bara yake kwa muda mrefu.

Mahali ambapo neno hili lilipanda juu kabisa ni visiwani. Katika kisiwa cha Mwali, kimoja cha visiwa vya Komoro, Jumbe lilitangulizwa mbele ya jina la binti wa nyumba ya kifalme. Anayejulikana zaidi ni Jumbe Fatima, binti wa Ramanetaka, yule mkuu aliyetoka Madagaska akakitawala kisiwa hicho. Baba yake alipokufa mwaka 1842, Fatima alirithi ufalme akiwa bado mtoto mdogo. Enzi yake ilikuwa ya misukosuko: Wafaransa upande mmoja, Zanzibar upande wa pili. Mwaka 1865 alimpa Mfaransa Joseph Lambert haki kubwa juu ya ardhi ya kisiwa, na miaka miwili baadaye alilazimika kukiacha kiti, ingawa alikirudia tena kabla ya kufa mwaka 1878. Hapa jambo la kuangaliwa ni hili: mgeni aliyeitaka ardhi ya Mwali hakuwa na njia ila kuupata mkono wa Jumbe katika hati. Cheo kilikuwa na thamani hata machoni pa mtu aliyetaka kukivunja, kwa sababu watu wa kisiwa walikitambua kwa damu na kwa mila. Na kwamba mwenye cheo alikuwa mwanamke ni ukumbusho wa kutosha kuwa neno lenyewe halina jinsia, jambo ambalo mtu aliyezoea majumbe wa enzi ya Wajerumani hawezi kulihisi.

Pwani ya Mrima, mkabala wa Unguja, jumbe alikuwa mkuu wa mji. Habari bora za cheo hiki zimo katika kitabu cha desturi za Waswahili cha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kilichochapwa Göttingen mwaka 1903 chini ya uangalizi wa Carl Velten. Humo jumbe haonekani peke yake. Kando yake wako waziri, shaha, amiri na akida, na kila mmoja ana nafasi yake katika baraza, katika karamu na katika ngoma. Ujumbe haukuingiwa bure. Aliyeutaka ilimpasa awe mtu wa ukoo unaostahili, kisha atoe ada kwa wakubwa waliomtangulia, alishe mji, ndipo apigwe kilemba mbele ya watu. Ada hiyo mtu wa nje angeweza kuiita ununuzi wa cheo. Wenyewe waliiona kwa namna nyingine: aliyekula karamu ya jumbe amekuwa shahidi wake, na shahidi huyo ndiye atakayemtii au kumkataa. Ukuu wa jumbe ulikuwa mikononi mwa walaji wa karamu yake. Katika miji ya kaskazini ya Mrima, kuelekea Vumba, cheo kilichokaa mahali hapo kiliitwa diwani.

Masayidi wa Zanzibar walipoeneza mamlaka yao pwani katika karne ya 19, waliweka maliwali katika miji kama Kilwa na Bagamoyo, wala hawakuwaondoa majumbe. Jumbe alibaki na baraza lake, na katika baadhi ya bandari alipata sehemu yake ya ushuru wa mali iliyotoka bara. Mji mmoja, basi, ulikuwa na wakubwa wawili wa asili mbili: liwali aliyepata cheo kutoka juu, kwa barua ya Sayyid, na jumbe aliyekipata kutoka chini, kwa karamu ya mji.

Neno lilisafiri pia na misafara. Katika miaka ya 1840 mfanya biashara wa pwani, Salim bin Abdallah, alifika ng'ambo ya Ziwa Nyasa akajenga Nkhotakota, mahali palipo leo katika nchi ya Malawi. Akajiita Jumbe, na waliomfuata katika kiti chake, mmoja baada ya mwingine, wakalichukua neno hilo kama jina la ufalme. Livingstone alifika huko mwaka 1861 na tena mwaka 1863. Nguvu ya majumbe hao ilikuwa bunduki, pembe na biashara ya watumwa, na kwa watu wa ziwani hapakuwa na karamu iliyowafanya mashahidi wa cheo hicho. Jumbe wa Nkhotakota alijinadi kuwa ni wakili wa Sultani wa Zanzibar. Yaani huko mbali, ambako neno lilikuwa na fahari ya ufalme, maana ya kutumwa ilikuwa imekwisha kuanza kurudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1889 Jumbe alifanya mkataba na Harry Johnston kwa niaba ya Uingereza. Haikupita miaka kumi, Waingereza walikiondoa cheo hicho na wa mwisho wao akapelekwa Zanzibar.

Hii ndiyo hali ya neno wakati Wajerumani walipoishika pwani. Vita vya 1888 na 1889, ambavyo Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani walikuwa viongozi wake mashuhuri, vilivunja uhuru wa miji ya Mrima. Upande wa kusini, Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa mwaka 1895, na mwembe wa kifo chake bado huitwa Mwembe Kinyonga. Baada ya hapo watawala wapya walivichukua vyeo walivyovikuta, wakavipanga upya kwa ngazi kama za jeshi: liwali katika mji, akida juu ya eneo la vijiji vingi, jumbe katika kila kijiji. Hata lugha yao ilikopa, kwani waliliita eneo la akida Akidat, wakilipa neno la Kiarabu lililopitia Kiswahili kiambishi cha Kijerumani.

Akida naye alikuwa amebadilishwa. Kiarabu ʿaqīd ni la mzizi wenye maana ya kufunga fundo, ule ule uliozaa itikadi na akidi ya ndoa, na lilimaanisha kiongozi wa askari. Katika majeshi ya Waarabu leo, Omani ikiwamo, ni cheo kile ambacho jeshi la Tanzania lakiita kanali. Mombasa ya Masayidi akida alikuwa mkuu wa askari wa Ngome ya Yesu, na mmoja wao, Muhammad bin Abdallah, alimwasi Sayyid Barghash hata ngome ikapigwa mizinga na manowari za Kiingereza mwezi wa Januari 1875. Chini ya Wajerumani, akida wa Kibata au wa Mohoro alikuwa mtu wa kalamu na kiboko: alikusanya kodi, alikata kesi ndogo, alitoa watu wa kazi. Mara nyingi alikuwa mgeni, Mwarabu au Mswahili wa pwani, asiyejua lugha ya mahali.

Lakini akida, angalau, alikuwa mgeni mwenye jina geni. Jumbe ndiye aliyeleta utata. Umatumbi haukuwa na mfalme. Watu waliishi kwa koo, na wazee wa koo walikuwa na amri katika mambo ya ardhi, ndoa na matambiko, wala amri hiyo haikuvuka mipaka ya ukoo. Serikali ilipotaka mtu mmoja wa kujibu kwa kila kijiji, ilimpata au ilimfanya, ikampa jina la jumbe. Jina lilifika vilimani bila ada, bila karamu na bila kilemba cha watu. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwaka 1898, jumbe ndiye aliyehesabu nyumba. Na Gavana Götzen alipoanzisha mashamba ya pamba ya jumuiya kuanzia 1902, jumbe ndiye aliyetakiwa kuwatoa watu. Ilipangwa kila mtu afanye kazi siku 28 kwa mwaka, lakini pamba haikujua hesabu hiyo. Ilidai palizi na mavuno wakati ule ule ambapo mashamba ya chakula yaliwangoja wenyewe. Mapato yaligawanywa baina ya wafanya kazi, jumbe na chombo cha serikali kilichosimamia mauzo, na fungu la mfanya kazi lilikuwa dogo hata baadhi walikataa kulipokea.

Sasa yawezekana kuona lililofanyika kwa neno. Kazi ya jumbe wa Umatumbi ilikuwa kuchukua amri kutoka kwa akida na kuifikisha kwa watu, na kuchukua mali kutoka kwa watu na kuifikisha kwa akida. Kwa kazi, huyo ni mjumbe. Wajerumani walikuwa wamemrudisha jumbe katika ngeli ya wanaotumwa, huku wakimwachia umbo la wakubwa.

Hapo ndipo Ngarambe inapoingia. Yasimuliwa kwamba Kinjikitile alichukuliwa na pepo aitwaye Hongo, akazama katika maji, akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu, akaanza kufundisha. Watu wakamiminika kwa makundi kutoka Umatumbi, Rufiji na Kichi. Kwa nje ilisemwa kwamba walikwenda kutafuta dawa ya kulinda mashamba na kuleta mavuno, na jambo hilo halikuwatia wasiwasi wenye serikali kwa muda. Kwa ndani kulikuwa na njwiywila, neno la Kimatumbi kwa habari inayopitishwa kwa siri, sikio hadi sikio. Na wale waliotoka Ngarambe kuyapeleka maji katika nchi nyingine waliitwa kwa jina la pepo mwenyewe: hongo.

Mwanafunzi wa Kiswahili yampasa awe mwangalifu hapa, kwa kuwa hongo katika Kiswahili cha misafara lilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu, na katika Kiswahili cha leo ni rushwa. Hongo wa Ngarambe hana uhusiano na hayo. Ni mtu, tena mtu aliyetumwa. Kwa hiyo mwaka 1905 katika kijiji kimoja cha Umatumbi waliweza kufika wajumbe wawili. Wa kwanza alikuja na hesabu ya nyumba, naye aliitwa jumbe. Wa pili alikuja na kibuyu cha maji, naye aliitwa hongo. Wote wawili walitumwa na mwenye nguvu asiyeonekana hapo kijijini. Wa kwanza alipata cheo chake kwa kuwekwa; wa pili alikipata kwa kuwa watu walikubali kuyapokea maji aliyoyachukua. Walaji wa karamu ya jumbe wa Mrima walikuwa mashahidi wake; wanywaji wa maji walikuwa mashahidi wa hongo. Sharti lile la kale la ujumbe, lililosahauliwa na serikali, lilitimizwa na mtu ambaye hakuitwa jumbe.

Mwezi wa Julai 1905 Kinjikitile alikamatwa. Mwishoni mwa mwezi huo watu wa Nandete waling'oa pamba, na Akida Seif bin Amri wa Kibata akalazimika kukimbia. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Vita vilikwisha kumpita. Katika miezi michache vilienea hadi Uluguru, Mahenge na Ungoni, vikiwaunganisha watu ambao hapo kabla hawakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja, ila Kiswahili walichokutana nacho, na neno moja la Kiswahili lililokuwa jina la dawa na la vita. Dawa haikuzuia risasi. Serikali ilichoma vyakula, na njaa ikamaliza wale waliosalimika na bunduki. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000 waliokufa, G. C. K. Gwassa, mwanahistoria aliyeichunguza sana Umatumbi, aliona kwamba idadi ya kweli yafika 250,000 au zaidi.

Itakuwa dhuluma, baada ya kusema hayo, kuwahukumu majumbe wote kwa neno moja. Baadhi walikimbilia bomani. Baadhi walikunywa maji pamoja na watu wao, wakapigana, wakanyongwa. Mtu aliyewekwa jumbe na serikali aliweza bado kuwa mzee wa ukoo, na siku ya siku ilimbidi achague ni kipi kati ya vyeo vyake viwili kilicho cha kweli. Mwandishi anayefasiri neno hilo kwa neno moja huificha siku hiyo ya uchaguzi, na pamoja nayo hulificha pigano lililokuwa ndani ya kila kijiji kabla ya risasi ya kwanza.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliwarithi maakida na majumbe. Gavana Cameron, aliyefika mwaka 1925, alitaka kutawala kwa njia ya watawala wa asili, na sheria ya 1926 ilikuwa msingi wa mpango huo. Maakida wakaondolewa polepole katika sehemu nyingi. Majumbe hawakuondolewa, kwa kuwa mpango mpya nao ulihitaji mtu wa kuhesabu nyumba. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, sheria iliyowapa machifu mamlaka ilifutwa, na cheo cha jumbe kikafa pamoja nayo.

Hatima ya vyeo vingine yafaa kulinganishwa. Waziri, aliyekuwa mtu wa baraza la mji mmoja wa Mrima, leo ni mkuu wa wizara katika Tanzania na Kenya. Amiri amepanda zaidi, kwani Rais wa Tanzania ni Amiri Jeshi Mkuu. Diwani ameshuka kutoka enzi ya Vumba hadi kata moja, lakini huchaguliwa kwa kura. Kadhi wa Kenya amedumu, akatajwa hata katika katiba ya 2010. Sheha wa Unguja na Pemba amepita chini ya Mwinyi Mkuu, Sayyid, Mwingereza na Mapinduzi, naye bado yuko. Liwali ametoweka Tanzania na Kenya, ila Omani wali angali mkuu wa wilaya.

Jumbe peke yake amefanya jambo la ajabu. Ameacha cheo na kubaki jina la watu, na mahali pake akaingia yule ambaye umbo lake lilikuwa dogo. TANU ilipogawa nchi katika nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, kiongozi wa nyumba hizo aliitwa mjumbe, na hata leo mtu wa Rufiji ataeleza maana mara moja akiulizwa mjumbe wa nyumba kumi ni nani. Nchini Kenya neno hilo hilo hutumika kwa mtu aliyechaguliwa kwenda Bungeni. Nyumba kumi huko, jimbo zima huku. Lakini katika nchi zote mbili aliyetumwa ametumwa na watu, wala si kwao.

Hapana baraza lililokaa na kuamua kwamba jumbe aachwe na mjumbe ashikwe. Lugha ilifanya hivyo yenyewe, kwa midomo ya watu waliokuwa na sababu zao. Anayesoma masimulizi ya Umatumbi yampasa aulize, kila anapokutana na neno jumbe, ni nani aliyempiga huyo kilemba. Jibu likiwa ni watu, neno hilo lina maana ile ya Mwali na Bagamoyo. Likiwa ni bomani, basi msimulizi ametaja mjumbe, na wazee waliokwenda Ngarambe kwa miguu walikwisha kuijua tofauti hiyo.